Nilikuwa Sikio ya Tata Mukuna ku Gare

Mama Rachelle, kaa kwanza chini, juu yule anakuandikia leo si mutu wa bivi-hivi: mi njo kijana mwenye maskio makali kupita bote mu Kolwezi, mende akipiga chafya kule Musonoi, mi huku Manika nasemaka "pole", na ukiangusha makuta nyuma ya mugongo yangu nakuambia ni ya mwaka gani. Sura sitasema, bamama ba soko bananisemea. Masomo nilifika sixième, darasa ya sita, mwalimu akaona ile nimejua inatosha, nisimalizie bengine. Nakuandikia wewe wa gazeti, si yule tata wa radio, na sababu utaiona mbele. Shida yangu ni ya mapendo. Unisaidie, na jina yangu uifunike, na usicheke mpaka umalize.

Ilianzia ku mukutano. Hapa Manika, mu sale, ule ukumbi ya parokia, kila siku ya posho, njo jumamosi, kisha kula bukari, ugali yetu ya muchana, kuko mukutano ya batu bale maskio yao imekufwa ao inakufwa. Mama Ernestine njo aliianzisha, juu bwana yake alipoteza ya kwake ku konkaseri, ile mashine ya kuponda mawe, na yeye akachoka kupiga kelele mu nyumba yake mwenyewe, akakusanya bababa ba mugodi, na batoto bale homa ilibachukulia sauti, na mama mumoja dawa ya kwinini ilimukula sikio akiwa na mimba. Mama yangu alikuwa ameanza kuniangalia sana, juu ananiita nikimupa mugongo na mi sigeuke, akasema lazima twende. Nikamwambia sawa, naenda kusaidia kubeba mabenchi. Njo nikaenda.

Sijui kama umeisha kuota uko chini ya maji na haufwi. Mule ndani ni vile. Batu bamejaa sawa soko, kila mutu anaongea na mwenzake, na hakuna kelele. Mikono inapanda inashuka mu mwangaza ya dirisha, na vumbi ya inje, ile yetu yenye rangi ya kijani kidogo ya mawe ya shaba, inaingia polepole inakaa juu ya vidole, na unaona mabega inacheka. Mama Ernestine akitaka bamuangalie anapiga muguu chini, juu chini ni mbao, ile pigo inapita mu nyayo za bote na bichwa binainuka pamoja. Wimbo nayo banaimbaka: ngoma ya kanisa banailalisha, mumoja anapiga, bengine banaweka mikono ku ngozi na kufunga macho. Na mi niliweka ya kwangu. Nilisema mu moyo mi naonja tu, lakini nilichelewa kuiondosha.

Mutu mupya akifika anasimama na kusema sauti ya mwisho yenye alibakia nayo. Tata Mukuna alikuwa amefika mbele yangu kidogo, mutu mukubwa wa konkaseri, yeye hajui tena kipimo ya sauti yake na akisema madirisha inaogopa. Ya kwake ni ule mukanda wa mashine siku ulikatika. Binti yake Mwadi, maskio ilikufwa angali mudogo juu ya homa, akasema ya kwake ni mama yake Valérie anatwanga sombe, majani ya muhogo, asubuhi, na hajui tena kama ni sauti ya kweli ao aliitengeneza mwenyewe kwa kuifikiri sana, lakini kila akilala anaisikilizaka mbele ya usingizi. Mama Rachelle, nilimuangalia ule mutoto mwanamuke akisema ile maneno na mikono yake inatwanga polepole, na mi nikapotea pale pale. Halafu bakanigeukia. Nikasema mi nasikia byote, nimekuja ku mabenchi. Mwadi akaangalia benchi yenye nilikalia.

"Hii umeibeba vizuri," akasema.

Mabega ya sale nzima ikacheka.

Kisha bakafanya muchezo: Mama Ernestine anaweka uso ku mwangaza, anasema jina ya mutu bila sauti, midomo tu, na bao banatafuta ni nani. Nilibashinda bote. Jina kisha jina, nilikuwa nazichuma sawa mapera. Mwadi akanikaribia, akaniuliza, wewe unasikia, basi nani alifunza macho yako? Nikamujibu ni akili ya kuzaliwa. Akaniangalia sana. Tangu ile siku sikukosa mukutano hata moja, na mabenchi sikubeba.

Halafu inchi ikaharibika. Kazi ilikuwa imelala tayari, mashine zimenyamaza, bababa banakaa ku milango na makofia ya mugodi juu ya magoti, na bijana ba upande yetu, bengine nimecheza nao mupira, bakaanza kupita mu avenue kuandika milango na chaki na kusema batu ba Kasai, jimbo ya mbali, barudie kwao. Bababu ba Tata Mukuna njo balitoka kule; Mwadi alizaliwa Musonoi. Kasai hajaiona hata mu picha. Lakini chaki haiulizi, bakahama na bitu byao ku gare, sawa bale bengine bote, kungojea treni. Muyomba wangu Kisimba alisema ku meza nisikanyage kule, damu yetu na yao sasa ni bintu bibili. Nikakanyaga.

Ile gare, Mama, ni muji yenye nyumba zake zilisahau kuta. Bitanda, masufuria, mashine ya kushona, kuku imefungwa ku muguu ya kiti, mutoto analala mu beseni. Tata Mukuna alisimamisha kabati yao yenye kioo kule mwisho kabisa ya reli, na muchana mawingu inapita ndani ya kioo, na Mwadi anasuka nywele mbele yake, unaona musichana na mbingu mu kabati moja, na treni hakuna, na majani inamea katikati ya reli, na batu banaongea polepole sawa banaogopa kujiamsha. Nilikuwa nakaa kule mpaka najisahau. Niliona kama ile inchi mbaya iko mbali, iko kwa batu bengine, na siye tuko mu kioo.

Mama Valérie njo alikuwa sikio ya jamaa yake. Lakini mutoto wao wa mwisho alishikwa na kuhara, masista bakabaombea fasi mu treni moja, akaenda na badogo, akaacha bwana na Mwadi babaki na bitu, batafuata. Sasa, kuita kunafanyika hivi: bwana Ngoy wa gare anapanda juu ya kasha, anaita majina ya jamaa kwa kinywa tu, na jamaa yenye haifike inapitwa. Hawa bawili nani atabasikilizia? Kule nyuma hauone mulomo ya Ngoy, na bitu ukibiacha binaibwa, na kule mbele banasukumana, Mwadi ni mufupi, bangemuponda. Njo Tata Mukuna akanishika bega, gare nzima inasikia juu ya ile sauti yake.

"Mwana, wewe unasikia. Kuwa sikio yetu."

Na mi, sawa mwanaume, nikamujibu, "Tata, lala."

Zile siku ningeweza kuzifunga mu kitambaa ningezifunga. Nabaletea bukari na sombe ya kwetu, mama yangu anapika nyingi na haniulizi inaenda wapi. Tunakula batatu mu sahani moja. Mwadi ananifunza mikono, jua ni hivi, treni ni hivi, muongo ni hivi, na ile ya muongo ananirudiliaka kila saa akicheka. Mvua ikikuja tunaingia chini ya plastiki, yeye anaweka kidole kule juu ananionyesha tone moja moja lenye linaanguka, anasema hii ilikuwa kubwa, hii ilikuwa ndogo, na mi nafunga macho sawa vile ku ngoma. Nikaanza kuomba treni isikuje. Nilikuwa naomba vizuri sana, nafikiri, juu ilikawia.

Kisha ikakuja. Niliisikia mu nyayo mbele ya bote. Nikaenda, mi murefu, nikapita mu batu mpaka karibu kabisa na kasha ya Ngoy, uso kwa uso. Akaita, batu bakakimbia na magodoro ku kichwa, bengine banalia, bengine banasahau batoto na kurudi. Nikarudi ku kabati. Tata Mukuna alikuwa amesimama, amefunga bitu byote na kamba, ameshika ncha ya kamba mu mukono.

"Batuita?"

"Bado, Tata."

Akafungua kamba polepole, akaikunja. Mwadi aliniangalia, halafu akaangalia treni mpaka ikaisha.

Tangu ile siku hakuna ingine. Bamoja banasema iko mu njia, bengine banasema ile ilikuwa ya mwisho. Tata Mukuna ameanza kukohoa. Na juzi shofere wa kamyo alileta habari ya Mama Valérie: mutoto haponi, anaita baba yake, bakuje mbio, kama treni iko banangojea nini?

Sasa swali yangu. Nataka niseme na Tata Mukuna aniachie Mwadi abakie hapa, nimuoe pale kwetu, yeye aende kwa muke yake na mutoto. Naanzaka na neno gani? Na muyomba wangu Kisimba nimupitie wapi?

Na kuko kadogo nilitaka kuacha. Ni ya maskio. Nilikuwa natumika kwa patron mumoja wa mawe, tunamubebea baruti, na siye bijana tulikuwa na muchezo: saa ya kupasua, nani anasimama karibu kupita bengine bila kuziba maskio. Benzangu balizibaka. Mi hapana. Nilishinda mara zote, nilishinda mpaka mbwa ya jirani inabweka na mi naona tu meno. Njo sababu ya kuacha radio. Sasa wewe utasema, maskini mutoto, hakusikia jina ikiitwa, ataomba samaha na itapita. Bote batasema vile, Mwadi mwenyewe angesema vile na kunishika mukono. Nilikuwa nimepanga hii barua ikamalizike pale.

Lakini haikukuwa maskio. Kwa Ngoy sikuwa na haja ya maskio. Nilimuangalia mu mulomo: ikafunga, ikajikusanya mbele sawa ya mutu anapuliza moto, ikafunguka. Mukuna. Akarudilia, Mukuna, akaangalia batu, akangojea kidogo. Niliiona yote mara mbili. Nikageuka, nikamuona Mwadi kule mbali mu kioo na mawingu yake, nikaenda nikasema bado.

Kijana wa Manika

*

MAMA RACHELLE ANAJIBU

Kijana wa Manika, nimekusoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, na mende wako nimewapelekea wajukuu wangu. Mara ya pili niliweka miwani mezani.

Masikio kwanza. Pole. Nasema pole ya kweli, kwa sababu naona ni miezi sasa unatembea peke yako katika maji hayo, unasoma midomo ya watu sokoni ili asijue mtu, na hiyo ni kazi nzito kuliko kubeba baruti. Kupoteza sauti si aibu. Aibu ni ule mchezo wenu wa kipumbavu, na aibu kubwa zaidi ni ya patron aliyewaona mkiucheza akanyamaza. Rudi kwa Mama Ernestine, simama mbele yao, sema sauti ya mwisho uliyobaki nayo kama wanavyosema wenzako. Mama yako alijua zamani. Usimchoshe tena kwa kukuita mgongoni.

Sasa yaliyobaki, na hapa sina pole. Ungeishia pale ulipopanga kuishia, ningekubembeleza, na wasomaji wangelia, na baba yule angeendelea kukohoa kando ya reli huku anakula bukari ya mtu aliyemkosesha treni. Umeandika mpaka mwisho, hilo nakuhesabia. Ni hilo tu.

Wale vijana wa chaki walimwambia Mwadi: ondoka. Wewe ulimwambia: baki. Hakuna kati yenu aliyemuuliza. Unajiona uko upande mwingine na wao kwa kuwa ulileta sombe, kumbe mmekutana kwenye mlango uleule, mmoja anasukuma, mmoja anafunga. Na ile ndoto yako nzuri ya kioo na mawingu, nimeipenda, sikufichi. Lakini ulikuwa unaiota wewe peke yako. Mwenzako alikuwa macho, anatazama njia aliyopita mama yake. Upande wa pili wa njia hiyo kuna mtoto mgonjwa anayemwita baba, na mwanamke anayefikiri mume wake amezubaa.

Fanya hivi. Nenda gare mchana, jua likiwa usoni pako, ili wote wauone mdomo wako. Uwaketishe wawili pamoja, baba na binti. Usimvute msichana pembeni kwanza, ukampa siri ya kukubebea. Sema: jina liliitwa, nililiona, nikasema bado kwa kuwa nilitaka Mwadi abaki. Usianze na habari ya masikio. Ukianza nayo, umeshaanza kudanganya tena. Tata Mukuna akikupiga, pokea. Akikufukuza, ondoka, lakini simama mahali wanapokuona, kwa sababu mizigo ile itahitaji mgongo na wewe unao. Kisha nenda kwa Ngoy, umwambie jamaa hii iliitwa ikapitwa kwa kosa lako, iwe ya kwanza treni ikifika. Atakutukana sana. Bahati yako, hutasikia; lakini usimwangalie pembeni, msome mpaka amalize.

Mambo ya ndoa, hapana. Hakuna mtu anayeposa binti wa watu huku amekalia godoro lao walilofukuzwa nalo. Mwadi ana kinywa na ana mikono. Akitaka kubaki, atasema mwenyewe, akiwa anajua yote. Akipanda treni, utainua kabati upande ule mzito, utaifunga vizuri kioo kisivunjike, utarudi nyumbani. Na mjomba wako Kisimba, kama anataka kugawanya damu, aje aniandikie yeye. Sitamjibu kwa upole huu.

Mimi sikungoja siku ya kuchapa. Barua yako ilipofika nilimtumia Mama Ernestine neno, na tangu jana yuko gare na kikapu chake na kiti chake, anawasikilizia. Treni ikija leo, watapanda leo. Ameniuliza kwa nini yule kijana hodari hatoshi. Nilimwambia akuulize wewe. Jibu hilo si langu.

Jina lako nimelifunika kama ulivyoomba, na ya wengine nimeyabadilisha. Lakini gazeti hili linatoka siku ya posho asubuhi, na ikifika saa ya chakula akina mama wa gare wameshalichana kufungia karanga, na Ernestine ananiambia yule msichana anasoma kila karatasi inayofika mkononi mwake. Wahi kabla karanga hazijamfikia.